Nati Tatu za Ennie Kapembwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Mitumbwi ya usiku inashusha samaki ufukweni mwa ziwa, hapa Kashikishi, na moshi wa jana bado umeganda juu ya vichanja vya kukaushia. Kwenye baraza ya duka la Bwana Mwewa, Ennie Kapembwa anakaa kwenye kiti alichokitamani kwa miezi minane bila kukikalia hata dakika moja.

Anachukua kitambaa cheupe chenye urefu wa kiganja, anakiingiza kwenye mashine na kukanyaga pedeli. Kisu kidogo kinakata ukingo, nyuzi tatu zinaufunga. Ennie anakivuta kitambaa kwa mikono miwili, kushoto na kulia, kama mtu anayejaribu jicho la wavu. Anakigeuza. Uzi mwekundu, ambao unapaswa kukaa juu, umechungulia upande wa chini.

"Awe," anasema. Hapana.

Anageuza nati ya katikati robo mzunguko. Anashona kingine. Anavuta tena. Sasa nyekundu imekaa juu, buluu imekaa chini, na zimekutana ukingoni bila moja kuionea nyingine.

"Hapo."

Kisha anaokota kitambaa kibaya na kizuri, anavitia mfukoni na kutazama nyuma yake, ingawa barazani hakuna mtu mwingine.

Jumatatu fundi mwenzake anarudi kazini.

Ennie ana miaka thelathini na minane, watoto wanne na mume anayevua. Kwa miaka kumi na moja ameshona kwenye baraza hii kwa cherehani ya kawaida ya miguu. Nyumbani anasema Kibemba. Kiswahili chake ni kile cha ziwani, alichokipata kwa mama yake, aliyekuwa akitengeneza nyavu na kuwauzia wavuvi wa Kilwa, upande wa Kongo. Anakisema haraka na hafichi kitu.

"Andika kwamba nilikuwa na wivu," anasema kabla hajaulizwa. "Si kidogo. Wivu wa kukosa usingizi. Batu banasema wivu ni wa bwana na bibi. Miye ulinishika kwa sababu ya mashine."

Mashine yenyewe ni ndogo, nyeusi, imefungwa juu ya meza ya pedeli iliyotoka kwenye cherehani nyingine. Mafundi wanaiita ovaloki. Kazi yake ni kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke. Ina sindano moja na vyuma viwili vilivyopinda, ambavyo mafundi wa hapa, kwa kuwa ni watu wa samaki, wanaviita ndoana: ndoana ya juu na ndoana ya chini. Kila kimoja kina uzi wake. Kila uzi hupita katikati ya visahani viwili vidogo vya chuma, na mbele ya visahani kuna nati ya kuvibana.

Nati tatu, basi, ya katikati ikiwa ya ndoana ya juu. Ukikaza sana, uzi unakatika au nguo inajikunja. Ukilegeza sana, ukingo unaning'inia kama matumbo ya samaki. Na ukigusa nati moja, nyingine mbili zinanuna.

Bwana Mwewa aliinunua Elisabethville, mji mkubwa wa Kongo, Januari mwaka huu wa 1957, ikiwa imetumika. Ilivuka ziwa katika boti ya samaki kutoka Kilwa, imezungushiwa mkeka, katikati ya magunia ya chumvi. Pamoja nayo alikuja fundi Mkongo wa kuonyesha jinsi inavyoshona. Alikaa siku mbili, akala vizuri, akaondoka.

Siku hizo mbili Ennie hakuwepo. Shemeji yake alikuwa amefariki Mwansabombwe, naye alikuwa msibani. Aliyekuwepo barazani ni Felistus Chisenga, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa na mwaka mmoja tu wa kazi, tena kazi ya vifungo na pindo.

"Nilirudi na vumbi la makaburini miguuni," anasema Ennie. "Nikakuta mutoto wa juzi amekaa kwenye kiti kipya. Nikamuuliza ba Mwewa, na miye? Akasema, aliyefundishwa ndiye anajua. Ni hayo tu. Miaka kumi na moja, na maneno matatu."

Wanawake wa Kashikishi hawakuchelewa. Walijifunza kugeuza gauni ndani nje kabla ya kulipa. Gauni la Felistus lilikuwa na ukingo uliofungwa kama wa dukani. La Ennie lilikuwa na nyuzi.

"Ba Ennie!" Jessy Chalwe, anayeuza samaki wakavu mkabala na baraza, alikuwa akipaza sauti sokoni kote. "Gauni lako kwa nje ni bibi harusi, kwa ndani lina ndevu!"

Kabla ya Januari, mwezi mzuri ulimpa Ennie pauni tatu. Juni alipeleka nyumbani pauni moja na shilingi nne. Mume wake hakusema kitu, na hilo, anasema, lilimuuma kuliko Jessy.

Wivu wa Ennie ungekuwa mwepesi kama Felistus angekuwa mkarimu. Hakuwa. Kila jioni, kabla ya kufunga kitambaa chake cha kichwa, Felistus aligeuza nati zote tatu kinyume mpaka zikalegea kabisa. Akachomoa nyuzi. Akafunika mashine. Asubuhi alifika wa kwanza, akawasha jiko la chai ya mafundi, kisha akatafuta mkazo wa uzi upya, mgongo wake ukiwa umeelekea wenzake.

"Ile haikuwa mashine, ilikuwa sanduku la pesa la muzungu wa boma," anasema Fanwell Mukuka, fundi suruali, ambaye ndiye pia mwenye pasi ya mkaa. "Felistus akienda chooni, macho yake alikuwa anayaacha kwenye kiti."

Mara moja tu Ennie alijishusha na kuuliza. Fanwell anayakumbuka mazungumzo yote.

"Mudogo wangu, hiyo nati ya katikati unaizungusha mara ngapi?"

"Inategemea, yaya." Yaya, huku ziwani, ni dada mkubwa.

"Inategemea nini?"

"Inategemea nani anauliza."

Fanwell alicheka mpaka pasi ikaunguza kola ya shati la mteja. Ennie alirudi kwenye cherehani yake na hakuuliza tena.

Lakini Felistus alikuwa na kosa moja, nalo lilikuwa chini ya miguu yake.

Fundi wa Elisabethville alikuwa amemfundisha kujaribu mkazo kwa nyuzi za rangi tatu, ili aone ni ipi inayokosea. Nyeupe kwenye sindano, nyekundu juu, buluu chini. Akipata mkazo anaoutaka, ndipo anatia uzi wa rangi ya nguo. Kila asubuhi alishona vitambaa vinne, vitano, wakati mwingine kumi, na kila kimoja alipokimaliza alikidondosha sakafuni. Alificha nati. Vitambaa alivitupa.

Kufagia baraza ilikuwa kwa zamu. Kuanzia Machi, Ennie alifagia hata siku isiyokuwa yake.

"Nilifikiri amemrudia Mungu," anasema Fanwell.

Ennie anainama chini ya meza na kutoa kopo la chai lenye mfuniko uliobonyea. Ndani mna vitambaa mia mbili na kumi na viwili, vya siku zenye jambo jipya tu, vimebanwa kwa pini, kila siku fungu lake. Anavipanga mapajani.

"Lundo la sakafuni linasoma kutoka chini. Kitambaa cha chini kabisa ndicho cha kwanza, kibovu. Cha juu ndicho cha mwisho, kizuri. Katikati kuna safari yake yote." Anaonyesha kwa ncha ya mkasi. "Hapa nyekundu imeshuka. Maana yake ya juu imelegea, ama ya chini imekaza mno. Sasa ona cha pili. Buluu haikusogea, nyekundu imepanda. Basi aligusa ya juu, hakugusa ya chini. Na hapa, vuta. Unaona? Mshono unafunguka, kuna ngazi ndogo nyeupe ndani. Hiyo ni sindano. Sindano inataka kukazwa."

Alijifunzia wapi kusoma hivyo?

"Mama yangu alikuwa anashika wavu uliochanika, anakuambia samaki alitokea upande gani na alikuwa mukubwa namna gani. Kitambaa ni vile vile. Kitu kikipita, kinaacha njia."

Kufikia Julai alikuwa anaweza kutaja, kwa kuangalia kitambaa kilichodondoka tu, nati ambayo Felistus angegeuza baada ya hapo. Alikuwa akiitaja kimoyomoyo na kusubiri. Mara nyingi alipatia. Na alikuwa hajaigusa mashine hiyo hata kwa kidole.

"Nilikuwa kama mutu anayejua barabara zote za Elisabethville kwa kusikiliza waliotoka huko," anasema. "Ukimshusha pale, labda atapotea. Lakini anajua."

Agosti likaja jambo lililoleta ugomvi wazi. Akina mama wa kanisa waliagiza magauni arobaini na manane, meupe yenye kola ya buluu, kwa ajili ya mkutano wao wa Oktoba. Kwa baraza ya mafundi watatu, hiyo ni kazi ya kuwalisha mpaka msimu wa mvua. Ennie na Fanwell wangeshona magauni, Felistus angefunga kingo. Tatizo halikuhitaji kupimwa kwa futi: tumbo la Felistus lilikuwa tayari linagusa meza.

Bwana Mwewa alimwambia amfundishe mwenzake kabla hajajifungua. Felistus alikataa mbele ya watu.

"Nitamaliza mwenyewe."

"Mutoto hasubiri magauni," alisema Ennie kutoka kwenye cherehani yake.

"Huyu atasubiri."

"Utamzalia juu ya pedeli."

"Basi atajua kushona kabla hajajua kunyonya. Lakini kiti hiki sikupi, yaya. Hata ukifagia mpaka Nchelenge."

Ennie aliacha kukanyaga. Kwa muda alidhani siri ya kopo imejulikana. Haikuwa imejulikana, ilikuwa kejeli tu. Bwana Mwewa alitoka ndani ya duka, akasema maneno yaliyowanyamazisha wote wawili: atakayeyamaliza magauni ya kanisa ndiye atakayekuwa mwenye kiti.

Mtoto hakusubiri. Alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, Jumanne usiku, katikati ya Septemba. Jioni ya siku hiyo, Felistus akiwa tayari anashika kiuno, alikuwa amelegeza nati zote tatu. Yalibaki magauni ishirini na tisa.

Jumatano asubuhi Ennie alibeba kopo lake mpaka kwenye ovaloki, akakaa.

"Nilifuta mikono kwenye kitenge mara mbili," anasema. "Nikatia nyuzi, rangi tatu. Nikashona kitambaa cha kwanza. Kibovu. Nikakitafutia mwenzake ndani ya kopo, nikamuona, nikaangalia Felistus alifanya nini baada ya pale. Nikafanya. Cha pili. Cha tatu. Cha nne kilikuwa kizuri."

Fanwell alipiga makofi. Bwana Mwewa alichungulia, akageuza kitambaa, akarudi ndani bila neno. Siku hiyo Ennie alifunga kingo za magauni matatu. Alhamisi, manne. Anasema hajawahi kula ugali wa muhogo mtamu kama wa jioni ile.

Ijumaa upepo wa ziwani uliamka. Ukapiga vichanja vya samaki vilivyo mkabala na baraza, ukainua mchanga na magamba, ukamwaga vyote juu ya mafundi. Mchana mshono ukaanza kuugua. Upana wa kidole kimoja uko sawa, kidole kinachofuata uzi wa juu unaning'inia, kisha ghafla unakaza na kukatika. Ennie alikaza nati ya katikati. Ikawa vilevile. Akaikaza mpaka springi iliyo nyuma yake ikalala. Ikawa mbaya zaidi. Alifumua gauni moja, halafu la pili, halafu la tatu.

Jumamosi alimwaga kopo lote juu ya meza. Alivipitia vitambaa mia mbili na kumi na viwili kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja chenye ugonjwa huo.

"Ndevu zimerudi, ba Ennie!" alipiga kelele Jessy Chalwe.

Jumatatu ilikuwa hivyo hivyo. Zilibaki wiki mbili na nusu, na magauni ishirini na mawili.

"Mama, nenda ukamuulize mwenye kujua," alisema Fanwell.

"Nitakufa kwanza."

"Kufa, mukwai, mama mheshimiwa. Lakini umalize magauni kwanza."

Siku ya nane baada ya mtoto kuzaliwa, Ennie alikwenda. Mzazi huku hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Ni watu wanaomfuata ndani, na hakuna anayeingia mikono mitupu. Ennie alikuwa ameshona shuka ndogo ya flaneli, nyeupe kwa uzi mweupe, na kufunga kingo zake zote nne kwa ovaloki. Alirudia mara tano na kuchagua iliyotoka vizuri zaidi.

Hakwenda kuuliza. Anasema hivyo waziwazi. "Nilikwenda aone kwamba nimekaa pale. Nilitaka alale akijua."

Yaliyotokea ndani ya nyumba ile yamesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao hayatofautiani sana. Felistus alipokea shuka kwa mikono miwili, akashukuru. Hakumfunika mtoto. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kona hadi kona.

"Nani ameshona?"

"Miye."

"Kwa mashine yangu."

"Kwa mashine ya ba Mwewa."

Mtoto alipiga chafya. Hakuna aliyemwangalia.

"Hapa umelegea," alisema Felistus. "Hapa umekaza. Hapa umelegea tena. Nati haiwezi kufanya hivi, yaya. Nati ikikosea, inakosea njia yote, mwanzo mpaka mwisho. Huu ni uchafu. Visahani vyako vimeshika mchanga."

Ennie alipitisha kidole chake mwenyewe ukingoni. Ndani ya kichwa chake, anasema, alikuwa anajitukana. Kila fundi hufuta mashine yake. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba chembe moja ya mchanga, ikikaa katikati ya visahani viwili, inaweza kuvitenganisha hata nati ikikazwa mpaka mwisho.

"Unasafisha na nini?"

Felistus alitazama mlango, kisha mtoto. "Ukanda wa kitambaa, wenye mafuta ya taa. Unaupitisha katikati ya visahani kama unavyopitisha uzi. Kila asubuhi, kabla ya yote."

"Sijawahi kuuona. Ningeuokota."

Neno lilikuwa limeshatoka.

"Kuuokota wapi?"

Ikabidi aseme. Zamu za kufagia, kopo la chai, pini, rangi tatu. Felistus alisikiliza huku shuka ikiwa imekunjwa ngumi mkononi.

"Basi umeniibia. Miezi sita, mchana kweupe, na ufagio mkononi."

"Ulivitupa. Miye nilifagia."

"Na ukanda wa mafuta unajua ulikwenda wapi?" Felistus alianza kucheka, cheko la mtu aliyekasirika. "Nilikuwa nauanzishia moto. Moto wa chai."

Kila asubuhi kwa miezi minane Ennie alimwona Felistus akiwasha mkaa kwa kitambaa chenye mafuta. Kila asubuhi alipokea kikombe.

"Hiyo chai nilikuwa nakunywa," alisema.

Wakacheka wote, na baadaye Felistus akalia. Alisema jambo ambalo Ennie hakulitegemea.

"Batu bakija barazani banauliza, ba Ennie iko wapi, anipime, yeye ndiye anajua mabega yangu. Banakuita kwa jina. Miye bananiita ule wa mashine. Weye una miaka kumi na moja, yaya, una mikono, una batu. Miye nilikuwa na nati tatu. Ningekupa hizo, ningebaki na nini?"

Mwandishi alipomuuliza Ennie kama maneno hayo yalimgusa, alimaliza kwanza kutia uzi kwenye sindano.

"Yalinikasirisha," alisema. "Miezi yote ile nilifikiri wivu ni wangu peke yangu."

Ukanda wa mafuta ya taa ulifanya kazi asubuhi iliyofuata. Magauni yote yakakamilika, na Jumatano ya wiki hii akina mama wa kanisa waliyachukua. Jessy Chalwe alivuka kutoka kwenye samaki wake, akachagua moja, akaligeuza ndani nje, akalikagua mpaka kwapani. Kisha akalirudisha bila neno. Kwa Jessy, hicho ni cheti.

Ennie alisubiri Bwana Mwewa atimize ahadi yake. Bwana Mwewa alitimiza nusu.

"Mashine ni yangu, si yenu," anasema mwenye duka, ambaye alipoulizwa hakuacha kupima chumvi. "Mmoja akizaa, mwingine akifiwa, mimi nile nini? Asubuhi Felistus. Kuanzia saa sita, Ennie. Asiyetaka, ufukweni kuna kazi ya kupara samaki."

Ennie hakufurahi na hajifanyi amefurahi. "Nilikitaka chote. Nilikifagia, nilikisoma, nilikifumulia magauni matatu. Nimepewa nusu, tena nusu ya mchana, wakati jua linapiga barazani." Anavuta pumzi. "Lakini nusu ni zaidi ya ufagio."

Mpango wake wa mbali ni mashine yake mwenyewe. Amesikia kwamba ovaloki zilizotumika zinapatikana Elisabethville kila Desemba. Mpango wa karibu una matatizo zaidi. Watu wawili wakigawana ovaloki moja, anayeondoka akilegeza nati, anayeingia anapoteza nusu saa ya siku yake kutafuta mkazo upya. Kila mmoja ana uwezo wa kumnyima mwenzake nusu saa hiyo, kila siku, bila kuvunja kitu na bila kushtakiwa.

Felistus analijua hilo. Ijumaa, akiwa nyumbani kwake na mtoto mgongoni, aliulizwa anategemea kukuta nini Jumatatu.

"Nitakuta zimelegezwa zote," alijibu bila kufikiri. "Ningekuwa miye ningezilegeza."

Na kweli, kwa wiki nne hizi Ennie amekuwa akizilegeza kila jioni, ingawa mtu wa kumficha alikuwa amelala na kichanga upande wa pili wa soko. Fanwell alimuuliza anamficha nani. Alijibiwa kwamba hata Fanwell ana macho.

Saa kumi na moja jioni, Jumamosi hii. Fanwell anamwaga majivu ya pasi. Ennie anapitisha ukanda wa mafuta ya taa katikati ya visahani, jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anashona kitambaa cha mwisho cha rangi tatu, anakivuta, anaridhika. Halafu mkono wake unakwenda kwenye nati ya kwanza kama unavyokwenda kila jioni, na unasimama.

Jessy, ng'ambo, ameacha kufunga samaki wake ili aone.

Ennie anauondoa mkono kwenye nati ya kwanza. Anairuka ya katikati, anagusa ya tatu, anaiacha nayo. Kisha anarudi kwenye ile ya katikati na kuigeuza kinyume, mara moja, mara mbili, mpaka inalegea kabisa. Anafunika mashine.

"Mama," anasema Fanwell, "hiyo ni nini sasa?"

"Mbili nimemwachia. Ya katikati aitafute. Miye si malaika." Anajifunga kitenge vizuri. "Jumatatu saa sita, akinirudishia zote tatu kama zinavyotakiwa, jioni namwachia zote tatu. Na Jumanne hivyo hivyo. Tutaendelea."

"Na asipokurudishia?"

Ennie ananyoosha mkono nyuma ya mlango na kuchukua ufagio.

"Nitafagia."